Siku Injini Ilipoinuliwa

Injini ya zamani ilikuwa imeinuka kiasi cha kupitisha kiganja chini yake pale Dada Fundi aliposikia kitu kikilia tak, sauti ndogo kama ya mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Akaacha kuvuta mnyororo wa winchi. Mdogo wake, aliyekuwa ameikumbatia injini ili isiyumbe, akamuuliza kwa utani kama ni kiuno chake kilicholia. Hakumjibu. Alikuwa anautazama mguu wa nyuma wa fremu, upande wa kushoto. Ulikuwa unaning'inia kwenye boliti yake ya chini kama jino la mtoto lililolegea.

Ilikuwa ndege ndogo ya watu wawili, ya kuruka kwa raha tu, yenye tumbo kama la mashua na magurudumu yanayokunjwa ubavuni. Ikitaka hutua uwanjani, ikitaka hutua majini. Injini yake haikukaa puani kama ilivyo kwa ndege nyingi. Ilikaa juu, nyuma ya vichwa vya abiria, imebebwa na fremu ya mabomba ya chuma yenye miguu minne, na propela ikiisukuma ndege kutoka nyuma. Aliyekaa ndani ameipa injini kisogo. Haioni, anaisikia tu. Na fremu hiyo ikiachia angani, propela inaukata mkia au injini inawaangukia watu shingoni. Hakuna la tatu.

Mdogo wake alikuwa rubani. Nyumbani walimwita Kishada, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mwembamba, hakai chini, na upepo ukivuma kidogo tu humwoni. Dada mtu ndiye aliyekuwa fundi, na pale uwanjani hata wazee waliomzidi umri walimwita Dada Fundi. Alikuwa mtu wa mikono mizito na maneno machache. Alikagua kila kitu, kisha akakagua alivyokagua. Kishada alizoea kusema kwamba dada yake hawezi kunywa chai bila kwanza kupima kama mkono wa kikombe umekaza.

Habari ya injini mpya ilikuwa imewagombanisha muda mrefu. Injini ya zamani ilikuwa imechoka. Siku ya joto, maji yakiwa yametulia kama kioo, tumbo la ndege hunata majini, na injini haina ubavu wa kulibandua. Siku moja Kishada alimpakia mkewe, wakakimbia juu ya maji tangu gati mpaka mwisho wa ghuba bila kuinuka hata kidogo, ikabidi wageuze na kurudi polepole kama mtumbwi, huku watu waliosimama ufukweni wakiwapigia makofi. Mkewe alishuka akasema kwamba ameolewa na rubani lakini anaogeleshwa. Tangu hapo Kishada hakuambilika. Alitaka injini yenye nguvu, na alitaka sasa.

Dada Fundi alikataa. Alieleza kwa subira, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba injini ya ndege hii iko juu, na ikisukuma kwa nguvu zaidi inaibonyeza pua chini. Kwamba injini nzito inabadilisha mizani yote. Kwamba iliyopo haijawahi kuwazimikia angani hata siku moja. Kwake injini mpya ilikuwa tamaa ya kijana anayetaka kusikika. Akamwambia mbele ya Mama kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kishada akajibu kwamba na mwenye kungoja sana hukuta sahani imeoshwa. Mwishowe Mama akachoka, akasema injini iletwe, mradi asisikie tena neno injini wakati wa kula. Ikaletwa ndani ya kreti la mbao, pamoja na fremu yake mpya.

Kwa hiyo asubuhi ile walikuwa wanaishusha ya zamani, na Dada Fundi alikuwa amenuna.

Sasa alipanda ngazi, akalegeza boliti ya chini, akautoa ule mguu, akashuka nao mpaka mlangoni penye mwanga. Ulikuwa bomba la unene wa kidole gumba. Akapatazama mahali ulipokatikia. Chuma kilichovunjika leo hung'aa. Hiki kilikuwa cheusi kwa kutu karibu mzunguko wote. Kilikuwa kimevunjika zamani. Palipong'aa palikuwa padogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Huo ukucha ndio uliokuwa umeshikilia. Ndege ikiwa imetulia, uzito wa injini ulikuwa unaubana ule ufa usionekane. Ikiwa angani, propela ikisukuma, mguu ulikuwa unavutwa, na ukucha unapungua.

Kishada alimjia nyuma, akatazama juu ya bega lake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Kwanza alicheka. Alicheka kicheko kirefu, cha ajabu, kisicho na furaha, kisha akakaa juu ya kreti la injini mpya.

"Jumapili," alisema.

Dada Fundi naye alikuwa anaifikiria Jumapili. Jumapili iliyopita kulikuwa na upepo mzuri, ndege ikakubali kuinuka na watu wawili, na Kishada akampeleka mkewe ng'ambo ya maji kumsalimia mama yake. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Walikuwa wamecheka jinsi mkanda ulivyokataa kufunga. Walikwenda na kurudi. Dada Fundi alisimama kwenye gati akiwapungia mkono, akaona ndege inavyopanda kwa shida, akajisemea kwamba si unaona, inaruka, haina neno.

Nje mtu alikuwa anaburuta mpira wa maji kwenye zege, na sauti ile ikawa kubwa kuliko kawaida.

Kisha Dada Fundi akaona kitu kingine, na hiki kilimshtua kuliko cha kwanza. Karibu na pale palipokatika chuma kilikuwa na mshono. Mtu aliwahi kukichomelea, akapaka puti ya kuficha mshono, akasugua, akapaka rangi juu yake mara mbili au tatu, kisha akapitisha waya mahali hapo na kuufungia utepe mweusi. Utepe huo Dada Fundi aliujua vizuri. Yeye mwenyewe aliubadilisha kila ulipochakaa. Kila mara alikuta rangi imevimba kidogo chini yake, na kila mara aliufunga upya palepale, kwa sababu palikuwa pamefungwa na mkono wa Baba.

Ndege ile waliachiwa na baba yao. Alikuwa mchomeleaji, na katika mji ule hapakuwa na mageti wala matangi ambayo mkono wake haukuyapitia. Aliinunua ndege ikiwa mabaki, akaifufua kwa miaka mingi, jioni na Jumapili, binti yake akimshikia taa, akimpa spana, akijifunza majina ya vitu kabla hajajua kusoma vizuri. Alikuwa na msemo wake: chuma hakijui kudanganya, anayedanganya ni rangi. Dada Fundi aliurudia msemo huo kwa vijana wote waliopita mikononi mwake. Alipogusa ule mshono kwa ncha ya kidole aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko. Mawimbi yake madogo, yaliyolala sawasawa, hayakuwa ya mtu mwingine.

"Ni wa Baba," alimwambia Kishada.

Kishada alimtazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni.

Walikwenda kwa Mama bila kunawa mikono. Mama alikuwa anapiga pasi sebuleni, redio ikiongea peke yake dirishani, nguo zilizonyooshwa zikiwa zimepangwa kwenye mgongo wa kochi kwa rangi zake. Alianza kuwagombeza kwa viatu vyao vya grisi. Dada Fundi hakuomba radhi, na hilo peke yake lilimnyamazisha. Akakiweka kile chuma juu ya meza ya pasi, kando ya gauni.

Mama alikitazama. Hakuuliza ni nini.

"Mbona hiki kipo?" alisema. "Si kilitupwa?"

Ikawa zamu yao kuduwaa. Mama akazima redio, akaeleza akiwa bado amesimama, pasi mkononi. Ilikuwa wakati Dada Fundi yuko chuoni na Kishada bado anavaa kaptula za shule. Baba alimchukua yeye, Mama, kumtembeza kwa ndege, na wakati wa kurudi maji yalikuwa yamechafuka. Walitua vibaya. Alisema walipiga maji kama mtu aliyetupwa ukutani, na nyuma ya kichwa chake akasikia mlio, ambao hajausahau mpaka leo. Hawakuruka tena, Baba aliiendesha ndege juu ya maji kama boti mpaka gatini. Akamwonyesha mguu wa fremu ulivyopasuka. Akamwambia ataagiza fremu nyingine. Akamwomba asiwaambie watoto, hasa binti, kwa kuwa watapoteza imani na ndege, na ndege ndiyo furaha pekee aliyonayo. Baada ya muda akamwambia fremu mpya imefika na ameshaifunga.

"Nikapanda tena," Mama alisema. "Nimepanda mara ngapi baada ya hapo? Nilikuwa nalala mle ndani. Baba yenu alikuwa ananicheka, nakoroma angani."

Alichomoa waya wa pasi ukutani, akauviringa taratibu, duara juu ya duara, akaufunga, akauweka mezani. Kisha akachukua nguo ambazo bado hazijapigwa pasi, akaanza kuzikunja hivyo hivyo zikiwa na makunyanzi, moja baada ya nyingine. Kishada alimwondolea mikononi. Mama akakaa. Alisema kwamba miaka yote hii amemlilia mtu mkweli.

Hawakujua kwa nini Baba alifanya vile. Huenda fremu haikupatikana, akaamini kwamba mshono wake unatosha, maana mshono wake haukuwahi kufunguka popote. Huenda alikusudia kuibadilisha na ugonjwa ukamwahi. Kishada alikasirika, akasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumsemea marehemu, na Mama hakumkataza. Dada Fundi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa anafikiria jambo moja tu, nalo lilimzunguka kichwani kama nzi: kama neno lake lingesikilizwa, ile injini isingeinuliwa. Yeye mwenye tahadhari, mpima mikono ya vikombe, ndiye aliyekuwa anawapeleka kaburini, na mwenye pupa ndiye aliyewaokoa bila kujua.

Walipotoka nje Kishada alimvuta kando, penye kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa ametulia sasa, na utulivu wake haukumpendeza dada yake.

"Huyu wa kwangu tusimwambie," alisema. "Ana mimba kubwa, mshtuko unaweza kumdhuru. Tuseme fremu ilikuwa imezeeka, tumeibadilisha. Si tumeibadilisha kweli?"

Dada Fundi alimwangalia. Alikuwa na uso wa Baba, hakuwahi kuliona hilo sana kama siku ile. Hata namna alivyoshika kamba ya nguo kwa vidole viwili.

"Umesikia unachosema?" alimuuliza.

"Nimesema tu asishtuke."

"Na Baba alisema hivyo hivyo, Kishada. Sasa hivi Mama ametoka kutueleza. Hata pasi haijapoa."

Kishada akaiachia kamba kama iliyomchoma. Akasema basi twende wote, kwa sababu peke yake hataweza.

Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo pande mbili, viti vitatu vinavyozunguka, kimoja mkono wake umefungwa utepe wa gundi, na harufu ya mafuta ya nywele yaliyopashwa moto. Walimkuta anafagia nywele sakafuni, mkono mmoja ukiwa kiunoni kuushikilia mgongo. Aliwaona kwenye kioo kabla hajageuka. Akatania kwamba leo kuna nini, fundi na rubani kuja pamoja, au ndege imekwenda zake peke yake.

Kishada alizungumza akitazama kioo. Hakuweza kumtazama mwenyewe. Alieleza yote, injini ilivyoinuliwa, sauti, kutu, mshono wa Baba, maneno ya Mama, na alipofika Jumapili ikabidi aanze tena. Mkewe aliacha kufagia. Alikaa taratibu kwenye kiti cha wateja, akashika tumbo kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia maji yasimwagike. Dada Fundi akaogopa kwamba labda Kishada alikuwa sahihi.

"Nionyesheni," mke wa Kishada alisema.

Dada Fundi alikuwa na kile chuma mkobani, kimeviringwa kwenye kitambaa. Akampa. Mke wa Kishada akakigeuza kuelekea taa, akaweka kidole juu ya ile sehemu iliyong'aa.

"Hapa tu?"

"Hapo tu, wifi."

"Mimi, huyu, na huyu," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kichwa na tumbo kwa macho. "Wote tulikuwa tumeshikwa na hapa."

Akakirudisha. Kisha akamtazama Dada Fundi moja kwa moja, bila kioo.

"Wifi, si wewe unayekagua?"

"Ni mimi."

"Na ulisema injini mpya haina haja."

"Nilisema."

Hakumtukana, hakulia. Alishukuru kwa kuambiwa ukweli, akasema ana mteja anakuja na saluni haijasafishwa. Walipofika mlangoni walisikia ufagio umeanza tena, kwa nguvu mno, kama anayefagia mawe.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu kwa Dada Fundi. Mtu akimsemesha alikuwa anasikia nusu. Alijikuta akitikisa reli ya ngazi kabla ya kupanda, akigonga mguu wa kitanda kabla ya kulala. Mikono iliyokuwa na uhakika sasa ilisita juu ya nati ndogo tu. Alikuwa amemwamini Baba kuliko macho yake. Alikuwa amepaona pamevimba, akapapasa kwa heshima, akapita. Jambo hilo hakulisema kwa mtu.

Kishada naye alibadilika, ila kwa upande wake. Yule aliyekuwa hakai chini sasa alikuja uwanjani akaketi kwenye benchi nje ya banda, akitazama ndege za wenzake zikipaa, na kila iliyopaa ilimfanya ashike ukingo wa benchi. Aliulizwa na wenzake lini ataijaribu injini mpya. Alijibu kwamba bado inafungwa. Dada yake alimsikia, akajua kwamba hata ikifungwa hatapanda.

Basi akafanya alichojua kufanya. Kabla hajaigusa injini mpya aliivua ndege yote. Alikwangua rangi kila palipokuwa na chuma, hata pale pasipokuwa na sababu, mpaka ndege ikawa kama kuku aliyenyonyolewa. Alifungua kila utepe uliofungwa na Baba. Mara mbili alikaa chini akalia, si kwa sababu alikuta kitu, bali kwa sababu hakukuta. Mishono mingine yote ilikuwa mizima, mizuri, kazi ya mtu aliyejua kazi.

Alipomaliza hakujiamini, akamwita mkaguzi. Huyu alikuwa mzee mwenye miwani minene aliyekuja kila mwaka kuipitisha ndege. Dada Fundi alimwonyesha kwanza kile chuma kilichokatika. Mkaguzi alikishika, akavua kofia, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Na mimi nimepita hapa," alisema polepole. "Nimepita na tochi, binti yangu. Nilikuwa naona mkono wa baba yako, naendelea mbele."

Kwa hiyo Dada Fundi hakuwa peke yake aliyedanganyika, na kulijua hilo hakukumpunguzia kitu. Walifanya kazi pamoja, kila kiungo cha chuma wakikipaka dawa nyekundu inayopenya na kuonyesha nyufa. Hapakuwa na ufa. Wakaifunga fremu mpya. Wakainua injini mpya, ikakaa mahali pake, nzito, safi, ikinuka mafuta ya kiwandani. Wakapima mizani, wakasogeza betri mpaka puani ili kurudisha uzito mbele. Walipoiwasha kwa mara ya kwanza, ndege ikiwa imefungwa kamba nyuma, vumbi la banda zima liliinuka na kalenda ikang'oka ukutani. Kishada alisimama penye benchi lake nje. Hakuingia.

Asubuhi ya majaribio alikuja amevaa nguo za kuruka, uso umemsawajika. Alifika mpaka kwenye ubavu wa ndege, akaweka mkono kwenye mlango, akabaki hapo. Dada yake alisubiri. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Akasema kila akifunga macho anasikia ile tak.

"Nenda kwenye boti ya uokoaji pale gatini," Dada Fundi alimwambia. "Kaa na waokoaji. Nitapanda mimi."

Alikuwa na leseni; Baba alihakikisha wote wawili wanaipata. Lakini yeye aliruka kwa nadra, kama mpishi asiyependa kula. Kishada alianza kumkataza, akaacha. Akampa kofia yake.

Ndege iliteremka kwenye njia ya zege mpaka majini, ikaelea. Dada Fundi akakunja magurudumu, akachungulia upande huu na upande ule kuhakikisha yamekunjika, maana ndege ya namna hii ikitua majini na magurudumu nje hupinduka. Kisha akakaa kimya, injini ikinguruma nyuma ya kisogo chake. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Aliitazama ikitetemeka, akaona haitaacha, akausukuma mkono wa gesi hivyo hivyo.

Alijua pua itainama. Alilieleza jambo hilo kwa Kishada mara zisizohesabika. Hata hivyo ilipoinama alishtuka mpaka akatoa sauti. Nguvu ile ilimsukuma kutoka juu kama mkono wa mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto, na maji yakapanda mpaka kwenye kioo. Akavuta fimbo ya kuongozea ndege mpaka tumboni, pua ikarudi, na kabla hajapata nafasi ya kuogopa vizuri, mlio wa maji chini yake ulikatika. Alidhani kitu kimeharibika. Akatazama nje. Gati lilikuwa chini, na boti ya waokoaji ilikuwa ndogo kama kiatu, na ndani yake mtu mmoja amesimama, mikono kichwani.

Miaka yote alikuwa amezoea ndege inayobembeleza, inayoburuta tumbo majini ikiomba kuachiwa. Hakujua kwamba ndani ya mwili uleule kulikuwa na hii. Alipanda juu akiwa ameshangaa tu, mdomo wazi, machozi yanamtoka bila yeye kulia. Ghafla alielewa Kishada alikuwa anataka nini miaka yote ile. Haikuwa kelele.

Aliizungusha ghuba, akapunguza gesi kidogo kidogo ili ajue pua inavyoinuka nguvu ikiondoka, akaongeza, akapunguza, mpaka mikono ikaizoea. Kisha akachungulia magurudumu tena, akatua. Maji yalimpokea vizuri. Boti ilimkaribia. Kishada alishika bawa la ndege kwa mikono miwili, akalishikilia hadi walipofika kwenye zege.

Mkewe alikuwa amesimama pale juu, kanga begani, ameegemea nguzo. Hakuna aliyemwambia aje. Hakuwa amemsemesha wifi yake tangu siku ile ya saluni zaidi ya salamu. Dada Fundi alipanda mpaka pale, amelowa jasho.

"Ulikaa muda pale majini kabla hujaondoka," mke wa Kishada alisema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natetemeka, wifi."

Mke wa Kishada alilifikiria jibu hilo. Akavua kanga begani, akampa ajifute uso.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kushindana na injini. Kishada alirudi angani baada ya hapo, kwanza akiwa amekaa kiti cha abiria na dada yake akiendesha, mikono ameibana mapajani. Alitapika mara ya kwanza, ya pili akanyamaza, ya tatu akaomba kushika fimbo. Siku hizi anaruka vizuri kuliko zamani, ingawa amekuwa mwongeaji wa kuchosha kabla ya kupaa: anauliza kila boliti, na dada yake anajibu kila swali, hata lile alilolijibu jana.

Mama alikwenda kaburini kwa Baba peke yake, akakaa huko mchana kutwa. Aliporudi hakusema walizungumza nini. Picha ya Baba bado iko sebuleni, mahali pake palepale. Kupanda ndege amesema basi, na sababu anayotoa ni kwamba ile mpya ina kelele, hataweza kulala.

Mke wa Kishada hajapanda. Alisema atapanda, hakusema lini. Mara mojamoja hufika bandani na mtoto mgongoni, akazunguka ndege polepole, akiinama hapa na pale, akigusa mabomba ya fremu kwa kidole. Dada Fundi humwachia ngazi karibu, huwasha taa zote, kisha huendelea na kazi yake upande wa pili.